Kitambaa cha Mfaransa Ukutani, cha Mama Juu ya Viazi

Mpendwa Shangazi Achola,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu wote niliowaeleza jambo hili walinikasirikia katikati na hakuna aliyefika pale ninapotaka kusaidiwa.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Nakuru, nina miaka thelathini na saba, nimeolewa na Muturi ambaye analima viazi na ngano kule Mau Narok, na tuna watoto wawili. Miaka minne iliyopita nilichaguliwa kwenda Ufaransa kwa miezi saba kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule ya mji mdogo, nikapewa chumba kwa mama mmoja mjane anayeitwa Madame Odile, na ni katika nyumba ya mama huyo mambo yangu yote yalipoanzia. Shangazi, ile nyumba haikuwa ya kitajiri. Kuta zilikuwa za chokaa nyeupe, madirisha yalikuwa na milango midogo ya mbao kwa nje iliyopakwa rangi ya samawati ikachujuka kwa jua, kabati la vyombo lilikuwa limebambuka rangi na hakuna aliyelikimbilia kwa brashi, sufuria za shaba zilining'inia juu ya jiko, na maua ya lavenda yaliyokaushwa yalikuwa yamefungwa vifurushi yakaning'inizwa kichwa chini. Mezani hakukuwa na kitu ila bakuli la matunda. Ungeingia pale umechoka, ukakaa, na baada ya dakika tano ukasikia mabega yameshuka yenyewe.

Lazima nikueleze nilikotoka ndipo unielewe. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli na tulilelewa katika kota za reli, vyumba viwili, watu saba, na Mama alikuwa fundi wa vitambaa, vile vya kufuma kwa sindano ya kroshia, unavijua. Kwetu kila kitu kilivaa. Makochi yalivaa mgongoni na mikononi, redio ilivaa, televisheni ilivaa na ilifunuliwa kwanza ndipo iwashwe, chupa ya chai ilivaa, na hata saa ya ukutani Mama aliifumia kola. Ukikaa vibaya kitambaa kikateleza unaambiwa uinuke, kinanyooshwa, ndio ukae tena. Alikuwa akiviuza pia kwa walimu na kwa akina mama wa kanisa, na ndiko ilikotoka kamusi yangu ya kwanza ya Kifaransa. Mimi nilikua nikijiambia kwamba siku nikiwa na nyumba yangu, viti vyangu vitakaa wazi.

Tulimaliza kujenga huku Kiamunyi mwezi wa nane mwaka jana na nikafanya nilivyotaka, Muturi hakunipinga, alisema yeye anachotaka ni paa lisilovuja na mahali pa kuvulia gambuti. Fundi wa mbao, Naftaly, aliniuliza mara tatu kama nina hakika nataka milango ya mbao nje ya madirisha ambayo tayari yana vioo na grili. Nilipomwambia apake samawati halafu aipige msasa ionekane imezeeka, aliweka brashi chini. “Madam, watu wataniuliza nani alifanya hii kazi,” aliniambia, “na mimi niko na watoto.” Mwishowe aliifanya, lakini aliifanya Jumapili asubuhi wakati majirani wako kanisani, na wiki iliyofuata majirani wawili walikuja kunipa pole kwamba fundi amenitapeli kwa rangi mbaya. Lavenda nilipanda kando ya ua na imekubali kabisa, hewa ya huku inaipenda, nikaikausha na kuining'iniza jikoni. Mama yake Muturi alipoiona aliuliza hiyo ni dawa ya nini, nikamwambia ni ya harufu, akaitikia tu.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote kiko ukutani sebuleni. Huko Ufaransa kila Jumapili kulikuwa na soko la mitumba ya vitu vya nyumbani, na siku moja nikakutana na kijana aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba ya nyanya yake aliyefariki, na kati ya sahani na taa nikaona kitambaa kidogo cha pamba nyeupe, cha kufuma kwa mkono, chenye herufi M.L. za uzi mwekundu kwenye kona. Nilikinunua bila kufikiri. Nimekitia kwenye fremu ya kioo, nikakitundika pale ambapo mgeni akiingia ndipo macho yake yanapoanzia.

Sasa Mama. Tangu siku tulipochimba msingi, Mama alianza kunifumia vitambaa vya nyumba nzima bila kuniambia. Alifuma miaka miwili, na jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Tulipohamia alimtuma mdogo wangu Naliaka alete, kwa sababu kwa watu wa kwetu, Wabukusu, mama mkwe haingii hivi hivi nyumbani kwa mkwe wake mpaka aitwe rasmi. Tulipokuwa tunapanga hakuna aliyehesabu, maana nyumba ya kupanga si nyumba ya mtu, lakini hii tumejenga, na tulikuwa tumekubaliana kwamba siku ya maombi ya kuifungua ndiyo siku atakayoingia. Naliaka alishuka na sanduku la bati la Baba la kazini, nikafungua, nikakuta vitambaa thelathini na kimoja, rangi ya maziwa na kingo za damu ya mzee, vya makochi, vya meza, cha friji, cha mikrowevu ambayo hata sina. Nilihisi nimerudishwa kota. Nilimwambia Naliaka amshukuru Mama sana, na alipoondoka nikaliweka sanduku stoo, nikajiambia nitaamua baadaye nitavifanyia nini.

Baadaye ikawa miezi. Muturi akaleta viazi vya kula kutoka shambani, akavimwaga stoo, akatafuta kitu cha kuvifunika ili mwanga usivigeuze kijani, akafungua sanduku akachukua kile kikubwa cha meza. Hakujua. Lakini mimi nilikiona, Shangazi, nilikiona siku ileile, na nikakiacha.

Jumanne moja ya likizo Muturi akiwa Mau Narok, Mama alikuja kwa bodaboda na unga wa mtama na kunde, akisema ataniachia kwenye mlango wa nyuma arudi. Mvua ikamkuta mlangoni. Nikamwomba aingie jikoni, akasita, akaingia. Aliitazama ile lavenda iliyoning'inia kichwa chini, hakuuliza. Akabeba unga mwenyewe kuupeleka stoo kabla sijamzuia, na nilipofika nilimkuta ameinama juu ya viazi. Alikitoa kile kitambaa polepole, akakikung'uta udongo, akakikunja mara nne, akakirudisha ndani ya sanduku na kufunga. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nikampisha apite.

Aliporudi jikoni aliona sebule kupitia mlango uliokuwa wazi, akaniuliza kama anaweza kuona. Aliyapita makochi. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye fremu, akaikaribia na lile jicho lake zuri, akaweka kidole juu ya kioo akawa anafuata uzi, mdomo ukihesabu.

“Hii ni kazi ya mkono,” akasema. “Ni ya nani?”

Nikamwambia sijui, niliinunua sokoni Ufaransa.

“Hujui.” Akaendelea kuhesabu. “Ni mzuri. Lakini hapa kwa kona aliruka tundu moja.”

Mvua ilipopungua aliniomba sanduku lake. Nilimwambia Mama wacha tu, akasema hapana, acha arudi nalo, akalishika mapajani juu ya bodaboda akaenda. Nililia jioni yote na nilipomwambia Muturi aliona aibu ya viazi kuliko mimi.

Maombi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, pasta ameshaambiwa, wageni wa pande zote mbili wamealikwa. Wiki iliyopita Naliaka alinipigia akasema Mama atawatuma akina mama wa kanisa lakini yeye hatakuja. Hana hasira. Alimwambia Naliaka, “Mwambie nyumba ni mzuri sana. Lakini sikuona pahali yangu.”

Shangazi, mama mkwe akikosa siku ile, kwetu hakuna siku nyingine; nyumba ikishafunguliwa bila yeye, atakaa nje ya mlango huo mpaka mmoja wetu azikwe. Naliaka ananiambia nivichukue vitambaa nivitandaze siku hiyo, wageni wakiondoka nivitoe. Muturi anasema yeye atalala hata juu ya kitambaa, mradi mama mkwe aje. Rafiki yangu Jackie ambaye tunafundisha pamoja ananiambia nisikubali kutawaliwa kwa uzi. Mimi ukweli wangu ni huu, sivipendi, sijawahi kuvipenda, na nampenda Mama, na sijui kama mtu anaruhusiwa vyote viwili. Je, nivishe viti vyangu ili nimpate mama yangu?

Nangila, Kiamunyi


SHANGAZI ACHOLA ANAJIBU

Nangila, nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kwa hivyo nimekukasirikia mwishoni badala ya katikati.

Nianze kwa kukutua mzigo ambao si wako. Nyumba ni yenu. Madirisha ya samawati si dhambi, lavenda si uchawi, na Naftaly atapona, ameshaona mengi. Mtu anaweza kumpenda mama yake na asipende vitambaa vyake, na wala huhitaji ruhusa ya gazeti. Mimi mwenyewe makochi yangu hayajavaa kitu tangu nihamie Lanet. Nilichoka kuinuka ili kinyooshwe. Kwa hivyo jibu la swali lako ni hapana, usivishe viti. Na ule mpango wa Naliaka wa kutandaza asubuhi na kutandua jioni uachane nao kabisa. Mwanamke anayeona tundu moja lililorukwa, kwa jicho moja, kupitia kioo, unadhani hataona kwamba vitambaa vilitandazwa saa hiyo hiyo?

Pole kwa kilio cha jioni ile. Naamini kilikuwa cha kweli. Sasa tuongee.

Wewe unadhani mama yako ameumizwa na viti. Rudi usome barua yako mwenyewe. Viti aliviona, akavipita. Viazi aliviona, akakung'uta udongo wake, akakunja, akanyamaza. Mdomo wake ulifunguka mahali pamoja tu, mbele ya ukuta. Kwa miaka yote hiyo mama yako angeweza kujiambia kwamba binti yangu amesoma, ametembea, mambo ya uzi yamempita. Akina mama wengi wanajiambia hivyo na wanalala usingizi wao vizuri. Siku ile akakuta kazi ya uzi, ya sindano ileile anayoshika yeye, tena yenye kosa, imewekewa kioo mahali pa heshima. Ndipo akajua kwamba kazi hiyo unaiona vizuri sana. Ni mikono yake tu ndiyo hukuiona. Na akakuuliza ni ya nani, ukasema hujui.

Umeniandikia juu ya Madame Odile kama mtu aliyekufundisha kuishi. Nakuuliza, ulikaa kwake miezi saba, zile sufuria za shaba alizipata wapi? Lile kabati liliwekwa pale na nani? Hukuniambia, na nashuku hukumuuliza. Mimi sijafika Ufaransa, nimefika Eldoret, lakini najua kabati halibambuki rangi kwa wiki moja. Mtu aliishi nalo, akafa, akamwachia mwingine ambaye hakulitupa. Hicho ndicho kilichoshusha mabega yako, Nangila, nyumba ya mtu ambaye bado anakaa na watu wake. Wewe ulileta rangi tu. Ukamlipa fundi akuzeeshee mbao kwa msasa, na siku zote hizo sanduku la bati la baba yako, lililozeeka kazini, lilikuwa kwako stoo.

Na yule kijana wa sokoni. Alikuwa akiuza kazi ya nyanya yake kwa mpita njia kwa sababu kwao hakuna aliyeitaka. Ulikiokoa kitambaa hicho, na ulifanya vyema. Lakini una watoto wawili. Vile thelathini na kimoja wao watamuuzia nani?

Muturi naye, kwa kuwa najua utamsomea: viazi hufunikwa kwa gunia. Kitambaa chenye matundu mwanzo hadi mwisho hakizuii mwanga wowote, na wewe ni mkulima.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usipige simu. Usimtume Naliaka, amebeba vya kutosha. Nenda wewe, Jumamosi hii, peke yako, na usibebe sukari wala leso, maana ukimpa zawadi atakushukuru na mazungumzo yataishia hapo. Anza na viazi. Usimtaje mume wako. Sema, nilikiona na nikakiacha, halafu unyamaze mpaka yeye aseme kitu. Kisha mwambie kwamba viti havitavaa. Mwambie mapema, kabla hajakusamehe, ili akisamehe awe anajua anasamehe nini. Atakuwa na uchungu kidogo. Utakaa nao.

Ukimaliza hayo mwombe kitambaa kimoja. Usiombe kati ya vile vipya. Omba kile kilichovaliwa na redio kule kota. Mwanamke kama huyo hajakitupa, na kama kina doa la chai ni vizuri zaidi. Muulize nani alimfundisha kushika sindano, alikuwa na miaka mingapi, na alifuma nini kwanza. Usiulize ili kumfurahisha, uliza kwa sababu hujui. Akikuambia hana cha kukupa, rudi nyumbani, na Jumamosi inayofuata uende tena.

Mume wako ana kazi yake. Mama mkwe haalikwi kwa kupitia binti mdogo wala kwa ujumbe wa simu. Atafute mtu mzima wa kwao, avae viatu vilivyofungwa kamba, waende wakamwite kama anavyostahili kuitwa, na wamwambie atakayeingia mlangoni kwanza siku hiyo ni yeye, pasta atamfuata. Hiyo kamusi unayotumia kulisha watoto wako ilitoka kwenye sindano yake, umeniandikia kwa mstari mmoja ukaendelea na safari.

Kitambaa cha M.L. usikitoe, hakijamkosea mtu. Kisogeze pembeni. Pale macho ya mgeni yanapoanzia weka cha redio, kwa fremu na kioo kama kile kile, na lile sanduku la bati, akikubali kulirudisha, liwe chini yake sebuleni, na vile thelathini na kimoja vikae humo mpaka watoto wako wafike umri wa kuchagua. Jackie akija akaona, mweleze ni uzi gani huo.

Siku ya maombi mkalishe kwenye kiti chochote, hatakitazama.

Na kabla hujaitundika hiyo fremu, igeuze uandike nyuma yake jina la aliyefuma na la aliyemfundisha. Umenitajia Odile, umenitajia Naftaly, umenitajia Jackie, na hata yule M.L. umenipa herufi zake mbili. Najua kwetu kumwita Mama tu ni heshima. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, Nangila, na jina la mama yako mpaka sasa silijui.